Kamba Iliyopandishwa Kidole

Wifi yangu hawezi kukaa kwenye nyumba yenye kitu kilichoinama. Alipokuja kwangu mara ya kwanza baada ya kaka yake kunioa, sijamkaribisha hata maji ya kunywa, macho yake yalikuwa kwenye rafu yangu ya vyombo.

"Wifi, hii rafu imelala upande."

Nikamwambia kama imelala basi aiache ipumzike. Hakucheka. Alichukua kikombe, akakijaza maji mpaka ukingoni, akakiweka juu ya rafu, na maji yakamwagikia upande wa dirishani. "Umeona?" Nikaona. Na maji niliyafuta mimi.

Marehemu mumewe alikuwa mwashi. Alipofariki aliacha mwiko, timazi, na kile kichupa kidogo cha kutundika kwenye kamba, chenye kipovu cha hewa ndani yake. Ndugu waligawana mwiko na timazi. Kichupa hakuna aliyekitaka, kwa hiyo kikabaki na mjane. Kikundi chetu cha akina mama kilipoanza kuchimba makinga maji kule mlimani, yeye ndiye aliyekuja nacho, kakiweka kwenye mfuko wa gauni. Ndipo alipopata jina la kichupa chenyewe, Pima Maji, na akalipenda. Aliitika haraka kuliko alivyoitika jina la mtoto wake.

Kazi yenyewe haina uchawi. Unachukua fito mbili za urefu mmoja, unafunga kamba kutoka moja hadi nyingine, na pima maji inaning'inia katikati ya kamba. Mmoja anasimama na fito ya nyuma. Mwingine anakwenda mbele na yake, anapanda na kushuka kwenye mteremko mpaka kipovu kitulie katikati. Hapo unagonga kigingi. Vigingi vikishajipanga mlima mzima, unachimba kuvifuata na udongo unautupa upande wa juu, na ndiyo maana tunaita fanya juu. Mvua ikinyesha, maji yanakaa mtaroni, yanazama taratibu, na udongo wako unabaki kuwa wako.

Mtaro mkuu, ule wa juu kabisa, ndio tofauti. Huo haukai na maji. Unayakamata yanapotoka barabarani na miambani na kuyapeleka pembeni, yashuke mahali yasipoharibu kitu. Lazima uiname, ila kidogo sana. Ukitaka maji yaende mbele, kamba ya fito ya mbele unaipandisha upana wa kidole. Ukitaka yarudi nyuma, unaishusha upana wa kidole. Basi. Jicho la mtu haliwezi kuona kitu hapo. Mlima wetu kwa upana ni kama meza, ukisimama katikati huwezi kusema unaelekea kushoto au kulia.

Mashamba yetu yamepangana kwenye mteremko huo kama mistari ya daftari. La wifi ni la kwanza kushoto. Katikati tuko sisi wengine. La mwisho kulia ni la fundi viatu.

Kabla hatujaanza, bwana shamba alikuja. Alizunguka mlima wote pamoja na wifi, wawili tu, kwa sababu sisi wengine tulikuwa tumekaa kivulini tunanoa majembe na domo. Walipofika mwisho wa shamba la wifi, kwenye kibonde kile cha mawe, alisimama.

"Mama, maji utayarudisha hapa. Hapa ndipo ilipo njia yake ya tangu zamani, chini kuna mawe, hayatachimba kitu."

Na pale pale, katikati ya kibonde, kulikuwa na msingi wa nyumba. Mawe yamepangwa, yamesawazishwa kwa pima maji, kona zimekaa kama za kitabu. Ulikuwa msingi wa binti yake, aliyerudi kutoka kwa mume na watoto wawili na masanduku.

"Na huu msingi?" bwana shamba akauliza.

"Tutauhamisha."

"Muuhamishe kweli, mama. Msije mkalala na maji."

"Sawa, bwana shamba."

Akaondoka, na haukupita muda akahamishwa kituo. Wifi akabaki na sawa yake.

Siku ya kupima, mimi ndiye niliyeshika fito ya nyuma. Tulianzia kwake kuelekea kulia. Yeye ndiye aliyefunga kamba kwenye fito ya mbele. Alitakiwa kuishusha kidole. Akaipandisha kidole. Sikuona, na hata ningeona nisingejua maana yake, kwa sababu siku hizo mimi kazi yangu ilikuwa kusimama wima na kuambiwa nisitikisike. Alinieleza mwenyewe baadaye kwamba alipokuwa anakaza fundo alijiambia kwamba kule mwisho ni majani matupu, majani hayadhuriki na maji.

Hapo hakukosea hata kidogo. Shamba la fundi viatu lilikuwa majani hadi kiunoni.

Fundi viatu ni mtu mpole, mrefu, mgongo umepinda kwa kuinamia viatu vya watu. Ana kibanda sokoni, na vidole vyake havitoki gundi. Alikataa kujiunga na kikundi. Alisema, kwa ile sauti yake ya kuomba radhi, kwamba ardhi yake ameilaza ipate nguvu, na yenye majani haina haja ya mtaro. Sisi tukamsikia tu kwamba amekataa kushika jembe. Wifi ndiye aliyempa jina. "Huyo? Huyo ni Goigoi. Majani yanamzidi bidii, angalau yenyewe yanaota." Tukacheka mpaka tukakaa chini. Jina likashuka mlimani kabla yetu. Tulipofika sokoni jioni, watoto walikuwa wanalo tayari.

Mvua za kwanza zilikuja. Mtaro mkuu ukajaa, maji yakatembea kwenda kulia kwa adabu, yakaingia kwenye majani ya Goigoi, yakapotelea humo. Mashamba yetu hayakupoteza hata koleo moja la udongo. Tulishangilia. Aliyeuliza kwa nini maji yanaelekea kule, wifi alimjibu, "Mlima ndivyo ulivyoinama. Mimi nasoma tu kipovu." Nani angebisha? Tangu lini kipovu kikasema uongo?

Lakini mdomo wa mtu hauna likizo. Kila tulipopita na majembe tulimtupia neno fundi viatu. Kwamba shambani kwake panya wanafanya harusi. Kwamba mkewe akipotea humo atatafutwa kwa filimbi. Na wifi alikuwa wa kwanza, maana alikuwa na ulimi na alikuwa na sababu, ingawa sababu sisi hatukuijua. Mpaka mkewe naye nyumbani akaanza kumwita hivyo, kwa utani kwanza, halafu bila utani.

Basi mtu yule akafunga kibanda chake, akachukua panga na jembe, akayafyeka majani yote. Aling'oa mpaka mizizi. Alipanda mahindi kwa mistari iliyonyooka. Nakumbuka alivyosimama pembeni ya shamba, mikono imechubuka, anatazama nani anapita amwone. Tulipita. Mmoja wetu akasema, "Heee, leo jua limetokea wapi?" Akatabasamu kama mtoto aliyesifiwa.

Mvua zilizofuata zilimkuta uchi.

Maji ya mlima mzima, ya kwetu wote, yalitoka mdomo wa mtaro na kudondoka kwenye udongo uliolainishwa na jembe. Walisema mlio wake ulisikika kama lori linashusha kokoto. Kulipokucha, mahindi hayakuwapo na palikuwa na korongo unaloweza kusimama ndani likakufika kifuani. Kila mvua ikalipanua. Lilimeza mgomba, likameza kamba ya kuanikia nguo na nguo zake, halafu likaanza kula upande wa jiko.

Sisi tulisema nini? Tulisema, "Si alikataa mitaro? Ndiyo faida ya uvivu hiyo." Tulisema mbele yake.

Mimi nilikuwa kwa wifi tunapukuchua mahindi, fundi viatu alipokuja na mkewe. Alibisha hodi mara nyingi kama mgeni. Alivaa shati safi. Wakakaa kwenye benchi, wote wawili kwenye ncha, kama wanaogopa kulimaliza.

"Shemeji," akamwambia wifi, maana ndivyo alivyomwita tangu mume yupo hai, "nimekuja kuomba msamaha."

Wifi akaacha kupukuchua. "Msamaha wa nini?"

"Wa ubishi wangu. Mlituita tukachimbe, nikajifanya najua. Nilidhani majani yanatosha. Sasa nimeona. Mlima umeniinamia mimi, na mimi nilikuwa nimelala."

"Tangu utoto ni mzito huyu," mkewe akadakia. "Hata mama yake alisema. Mtusamehe tu, mtupokee kwenye kikundi. Uje utupimie na sisi, dada yangu. Ukuta wa jiko umeshapata ufa, unapitisha mkono."

Wifi alikuwa ameshika gunzi lisilo na punje hata moja na bado anasugua kidole gumba chake juu yake. Mimi nikaona nimsaidie, nikasema, "Atakuja, atakuja, jirani. Nyie si watu wetu?"

Fundi viatu akasimama, akampa wifi mkono kwa mikono miwili. "Ahsante, shemeji. Wewe una moyo."

Walipoondoka nikamwambia, "Wifi, mbona umekuwa kama umemeza jiwe? Goigoi kajirekebisha, tushukuru." Akainuka, akaingia ndani, na nilimsikia anatapika kwenye beseni.

Alikwenda kupima kweli. Alikwenda na mimi na fito zetu. Tulisimama kwenye kingo za korongo, na mwenye nyumba akatuonyesha ufa wa jiko. Mkewe alikuwa ameuziba kwa matambara. Ndani, sufuria zote zimehamishiwa ukuta wa pili, na mafiga yamesogezwa mpaka mpikaji anapikia karibu mlangoni. Wifi aliweka mkono kwenye ufa. Ukapita mpaka kiwiko.

"Ukinipimia mitaro kama yenu, utapona huu?" mkewe akauliza.

Wifi akautoa mkono. Unaweza kuchimba mitaro mpaka utokeze upande wa pili wa dunia, kama maji ya watu wengine yanadondoka kichwani mwako hakuna kitakachopona. Yeye alilijua hilo. Aligonga vigingi viwili vitatu, akasema kipovu leo hakitulii, kuna upepo, atarudi. Hakukuwa na upepo hata wa kupeperusha unyoya.

Baada ya hapo akabadilika. Alikuja kwangu, akakaa, akanywa chai, na rafu yangu siku hiyo ilikuwa imening'inia kwa msumari mmoja baada ya watoto kuirukia. Imeinama kabisa, vikombe vyote vimekusanyika kona moja kama abiria. Aliitazama. Akageuza macho. Hapo nikajua huyu mtu ni mgonjwa, na si tumbo.

"Wifi, una nini?"

"Sina kitu."

"Rafu yangu imelala."

"Iache ipumzike," akasema, na machozi yakamtoka. Mimi, na ukali wangu wote, nikadhani anamlilia marehemu. Nikamtengenezea chai nyingine.

Alichofanya ni hiki. Siku ya soko, wanaume na wanawake wote wameteremka, alichukua magunia matupu, beleshi na toroli la binti yake, akapanda mlimani peke yake. Alijaza magunia udongo, akayapanga kwenye mdomo wa mtaro mkuu kule kwa fundi viatu, akaziba. Mwanamke mwenye umri wake, kiuno chake kile. Aliniambia kila gunia alilolaza alijisikia kupungukiwa uzito, kama mtu anayelipa kwa siri. Maji yasipotoka, korongo halitakua, jiko litasimama, na hakuna atakayeuliza. Aliteremka, akaoga, akala vizuri kwa mara ya kwanza tangu wale wawili wakae kwenye benchi lake.

Kipovu alikuwa anakijua. Maji kumbe aliyasahau. Mtaro uliozibwa mdomo ni karai, na karai likijaa linamwagika.

Mvua ilinyesha mchana, kubwa, ya kupofusha. Mtaro ukajaa kuanzia kulia kurudi katikati, ukatafuta penye udhaifu, ukapata. Ukapasuka juu ya shamba la mwenyekiti wetu wa kikundi. Tuta la pale likabomoka, likabomoa la chini yake, na la chini yake, kama vyombo vinaporomoka kabatini. Maharage ya mwenyekiti tuliyakuta barabarani. Shamba la jirani yake, yule tunayemwita Mama Pacha, lilichanika katikati.

Tulipopanda kutazama tukakuta yale magunia.

"Ni Goigoi," akasema mwenyekiti. Hakusema kwa kuuliza.

"Si amejiunga juzi?" nikasema.

"Ndiyo maana amejiunga! Alitaka kutujua tunavyolala." Mwenyekiti wetu ni mama mnene mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto. "Kwake kumeharibika, akaona tuharibikiwe wote."

Mama Pacha akalipiga teke gunia moja, likamuumiza kidole. "Mtu ambaye jembe linamshinda! Leo magunia haya kayabeba kwa nguvu za nani?"

"Za roho mbaya. Zile hazichoki."

Wifi alikuwa amesimama nyuma yangu. Niligeuka kumwambia kitu, nikaona midomo yake imekauka imekuwa nyeupe. Nilidhani ni hasira.

Tukakutana uani kwa mwenyekiti, chini ya banda la mabati, matope bado miguuni. Fundi viatu aliitwa kutoka sokoni. Alikuja na gundi vidoleni, mkewe nyuma yake. Hakupewa kiti.

Mwenyekiti akamweleza kosa lake. Yeye akasikiliza mpaka mwisho, maana ni mtu anayesikiliza mpaka mwisho.

"Mimi sijaweka magunia," akasema.

"Nani basi? Malaika?"

"Sijui, mama. Siku ya soko nilikuwa sokoni."

"Na jioni? Na alfajiri? Una mashahidi wa alfajiri?"

"Shahidi wa alfajiri ni mke wangu."

"Huyo naye si wako?" Watu wakacheka, kicheko kibaya. Mwenyekiti akasema uamuzi ni mmoja. Ajenge matuta yote yaliyobomoka kwa mikono yake, kuanzia la juu hadi la mwisho, la sivyo atatolewa kwenye kikundi na habari zake zitapelekwa kwa wakubwa.

Fundi viatu alitazama mikono yake. Alijaribu kuibandua gundi kwenye kidole gumba, ikakataa. Mkewe akamvuta shati. "Sema basi! Wewe kila kitu unakaa kimya tu!"

"Nitajenga," akasema.

"Kwa hiyo ni wewe?"

"Sijasema ni mimi. Nimesema nitajenga. Mkishasema wote kwamba ni mimi, basi mimi nitajenga, yaishe. Ila mnipe nafasi nianze na jiko langu, maana halitafika wiki."

Hapo ndipo wifi aliposimama. Alisimama vibaya, akaangusha kigoda.

"Magunia ni yangu."

Mwenyekiti akapiga makofi. "Haa! Pima Maji! Ulimhurumia! Jamani, mnaona moyo wa huyu mama? Amembebea udongo mtu asiyejibebea mwenyewe! Umekosea, mwanangu, lakini umekosea kwa wema." Na wengine wakaanza, ndiyo, ndiyo, huyu mama ana huruma, huyu mama hana makuu. Hata fundi viatu alimtazama kwa macho ya shukrani.

Wangemtukana lingekuwa afadhali. Nilimwona anafumba macho kama mtu anayepigwa na jua usoni. Hapo alikuwa na mlango wazi wa kutokea, tena na sifa. Sisi wenyewe tulikuwa tumeushikilia.

Akasema, "Wifi, lete zile fito."

Nikazileta kutoka ukutani, na kamba yake. Akanipa ya nyuma kama siku zote. Akaifunga kamba kwenye fito ya mbele, mbele ya wote, akaweka kidole chake cha shahada juu ya alama ya usawa iliyochongwa kwenye fito. "Bwana shamba aliniambia kamba niifunge hapa, chini ya kidole. Maji yarudi kwangu, kwenye kibonde, kwenye msingi wa binti yangu. Mimi niliifunga hapa." Akaihamisha juu ya kidole. "Mlima haujainama. Mimi ndiye niliyeuinamisha. Na yale majani yake ndiyo yaliyokuwa yanatuokoa sisi wote, na mimi nikamcheka mpaka akayang'oa."

Kuku alipita katikati yetu, na hakuna aliyemfukuza.

Wa kwanza kusema alikuwa Mama Pacha, na hakuuliza habari za haki. "Ngoja. Kwa hiyo ule mtaro wote umekwenda kinyume?"

"Wote."

"Utachimbwa upya?"

"Utachimbwa upya."

"Mtaro ule niliuchimba na mimba! Ya pacha! Wana wanaota meno, leo unaniambia nirudie?" Akatupa kanga yake chini. "Ungeiba ng'ombe wangu ningekuelewa!" Ndipo wengine wakafunguka, kila mtu na mgongo wake, kila mtu na malengelenge yake, na maneno aliyoambiwa wifi siku ile sitayaandika yote. Mengine niliyasema mimi. Nami nilikuwa nimeshika fito ya nyuma, si nilikuwa na haki?

Fundi viatu alingoja kelele zipungue.

"Shemeji. Kwa hiyo kuyaacha yale majani nilikuwa sijakosea?"

"Hukukosea."

"Nilikuwa sahihi."

"Ulikuwa sahihi."

Akatikisa kichwa polepole. "Mimi nilishakubali kwamba ni mvivu. Nilikuwa nikiamka nasali Mungu aniondolee uvivu." Akamgeukia mkewe, na mkewe akainamisha uso. "Udongo utarudi. Hilo sina neno." Hakumalizia. Akatoka, akaenda zake, na tulimwona amesimama kwenye bomba la maji anasugua ile gundi kwa jiwe.

Wifi hakumfuata. Alikwenda nyumbani, akamwita binti yake, akamweleza kwamba msingi unang'olewa. Mimi nilikuwapo, nikitegemea vita. Binti alimgeukia mama yake.

"Mama, mimi nilitaka nyumba. Kibonde nani alikitaka? Ungeniambia siku ile ningejenga kule juu, kando ya choo. Tungehamisha mawe kabla hata sijaweka saruji."

"Nilijua utahuzunika."

"Ningehuzunika mpaka jioni," binti akasema.

Hilo ndilo lililomlaza wifi kitandani. Matusi yote hayakumfanya kitu.

Tulianza na mawe. Aliyavunja mwenyewe kwa sululu, kona zake zile nzuri, na binti akayasomba kwa toroli mpaka kwenye korongo. Huko tuliyapanga kwa ngazi, ukuta mdogo baada ya ukuta mdogo, kila ukuta unazuia maji yapumzike na kuacha udongo wake nyuma. Kwenye kuta za kwanza bado unaona saruji imeshika jiwe upande mmoja. Kingo tulizipanda majani, na majani tuliyanunua kijiji cha pili, kwa sababu yale ya fundi viatu tulimng'olesha sisi. Jiko halikuanguka. Ufa upo, umejazwa udongo, ukipita unauona.

Jina nalo lipo. Akina mama tulikubaliana tumwite Fundi, na tunajitahidi, lakini ulimi una njia yake iliyochimbika. Juzi mtoto wa mwenyekiti alipeleka kiatu kibandani, akasema kwa heshima zote, "Shikamoo, Goigoi, mama anauliza kiatu kipo tayari?" Wifi alikuwa karibu ananunua chumvi. Alimshika mtoto bega akamkaripia mpaka akalia. Fundi viatu hakuinua macho kutoka kwenye kiatu. "Mwache mtoto," akasema. "Hakulitunga yeye."

Mtaro mkuu tunauchimba upya, kutoka kulia kuja kushoto, na maji yatashukia kwenye kibonde, pale palipokuwa na msingi. Bado hatujafika nusu. Siku ya kuanza kupima nilienda kuchukua fito yangu ya nyuma nikakuta fundi viatu ameishika.

"Hii nitashika mimi," akasema.

Sasa wanapima wao wawili. Wifi anakwenda mbele, anapanda, anashuka, kipovu kinatulia. Zamani angesema tu "gonga" na kigingi kingegongwa. Siku hizi hasemi. Fundi viatu anaegemeza fito yake kwenye bega la binti, anatembea kufuata kamba mpaka katikati, na mgongo ule uliopinda anauinamisha zaidi, jicho moja limefumbwa, anakitazama kile kipovu. Halafu anakwenda hadi fito ya mbele, anaweka kidole chake chenye gundi kwenye alama, aone fundo liko upande gani. Hana haraka. Tuko nyuma yao na majembe, jua linatuchoma, na kuna siku Mama Pacha hupumua kwa nguvu makusudi.

Wifi anasimama wima, ameshika fito yake isitikisike, anangoja mpaka fundi viatu aseme sawa.